Shajara ya Mradi wa Hadithi za Damu: Temeke na Ilala, Februari hadi Juni 2025

Jumamosi, 8 Februari

Leo tumeanza rasmi. Tuko watu saba tunaojitolea, watano wakazi wa Temeke na wawili wa Ilala, hapa Dar es Salaam, na kazi tuliyojipa ni moja tu: kuwapata wachangia damu wa hiari kwa ajili ya watoto wenye selimundu, ambao mitaani wengi bado wanawaita watoto wa sikoseli, kwa kutumia hadithi zinazosimuliwa na wahusika wenyewe. Hatukusanyi fedha. Nimeteuliwa kuwa katibu, na nimeombwa niandike kila hatua tutakayopiga, zikiwemo zile za kurudi nyuma.

Tumechagua damu kwa sababu katika ugonjwa huu hitaji lake halina mwisho. Chembe nyekundu za damu za mtu mwenye selimundu hujikunja na kuwa na umbo la mundu, na badala ya kuishi siku 120 kama za watu wengine, hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Mwili haumudu kuzifidia kwa kasi hiyo, hasa anapopata malaria au maambukizi mengine, na hapo mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kuhitaji kuongezewa damu kabla ya jua kuzama. Nchini kwetu huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua, na ndugu wa mgonjwa huambiwa walete wachangiaji wao.

Asubuhi hii tulikwenda kwenye kijiwe cha bodaboda na bajaji Tandika tukiwa na bango kubwa lenye tarakimu hiyo ya 11,000 kwa rangi nyekundu. Tulisimama kwa muda wa saa mbili na nusu. Vijana walitusikiliza kwa adabu, mmoja akauliza kama tunatoa fulana, mwingine akasema idadi hiyo ni kubwa mno, serikali ndiyo inayoiweza. Hakuna aliyeandikisha jina. Nadhani yule wa pili alitusaidia kuliko alivyojua, maana alitueleza kwa sentensi moja kwamba tarakimu yetu ilikuwa imemwondolea wajibu.

Alhamisi, 13 Februari

Mbagala, nyumbani kwa mama aliyekubali kuwa msimuliaji wetu wa kwanza. Mwanawe wa kiume ana miaka tisa. Kabla ya kuwasha kinasa sauti tulimsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na taarifa za watoto kuwa nyeti, nazo hazishikwi bila idhini ya maandishi. Tuliandika kwamba anaweza kuiondoa hadithi yake siku yoyote bila kutoa sababu. Mtoto naye tulimuuliza. Alisema hataki jina lake lisikike, na kwamba kama ni lazima aitwe jina fulani basi aitwe Nahodha. Tumemwita Nahodha.

Mama alianza kusimulia kwa namna ambayo hatukumfundisha. Mtoto alikuwa amejilaza mkekani karibu naye, na mama, kana kwamba sisi hatupo, akasema, "Paukwa!" Mtoto akaitikia, "Pakawa!" Ndipo akaendelea kutueleza usiku wa Novemba ambapo maumivu yalimshika mtoto miguuni. Alijaza maji ya moto katika chupa mbili za soda za plastiki, akazizungushia kanga ili zisimuunguze, akaziweka moja huku na moja kule, na kila zilipopoa alikwenda kuchemsha mengine kwenye jiko la mkaa. Alihesabu safari za jikoni: kumi na moja. Kulipopambazuka macho ya mtoto yalikuwa ya manjano kabisa na viganja vimekuwa vyeupe. Hospitalini aliambiwa kiwango cha damu kimeshuka mno na kwamba atafute watu wawili wa kuchangia. Mume wake yuko safarini, ndugu zake wako Lindi. Alitoka getini akaenda kwenye maegesho ya bajaji na kumwambia dereva wa kwanza aliyemuuliza "Wapi, mama?" kwamba hendi popote, anatafuta damu.

Dereva yule alizima bajaji. Akamwita mwenzake.

Alipofika hapo mama alicheka, kicheko kirefu cha mtu anayekumbuka jambo ambalo hata leo haliamini, kwa sababu dereva wa pili, pande la mtu, alizirai alipoiona sindano na ikabidi atafutwe wa tatu.

Jumanne, 18 Februari

Nimeona ni wajibu kuandika kosa hili kwa urefu. Mwenzetu mwenye ujuzi wa kuhariri sauti aliifupisha hadithi ya mama wa Mbagala hadi dakika mbili na sekunde 40, kiasi kinachotumika vizuri kwenye WhatsApp bila kumla mtu bando. Alichokibakiza ni kilio cha mtoto, chupa za maji ya moto na neno "manjano", na chini yake akaweka kinanda cha taratibu cha huzuni. Kicheko kilikatwa. Dereva aliyezirai alikatwa. "Paukwa" ilikatwa. Sisi sote tulipoisikia tulinyamaza, wawili wakafuta machozi, tukakubaliana kwamba imekamilika.

Mama alipoisikia alisema, "Huyo si mimi. Mimi sikwenda pale kuhurumiwa, nilikwenda kutafuta damu, na nikaipata."

Kikao cha jioni kilikuwa kirefu. Mmoja wetu alitetea kinanda kwa hoja nzito: utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, uliochapishwa mwaka 2007. Watu walilipwa dola 5 za Marekani kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa wachangie shirika la Save the Children. Waliosomewa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za njaa ya Malawi, Zambia, Angola na Ethiopia walitoa dola 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43, yaani takwimu zilimpunguzia Rokia msaada badala ya kumwongezea. Mwenzetu alisema bango letu la Tandika lilishindwa kwa sababu iyo hiyo, na kwamba uso mmoja unaoumia ndio unaofungua mkono.

Sikubishana na matokeo ya utafiti huo. Nilisema tu kwamba wale watu waliombwa mara moja, wakiwa na fedha mkononi, na bahasha ilipofungwa shughuli ikaisha. Sisi tunamhitaji mtu yule yule arudi baada ya miezi mitatu, kisha mitatu tena. Huruma humleta mtu mara moja. Nilitoa mfano wa taarifa ya BBC kuhusu njaa, kutoka Korem, Ethiopia, ya Oktoba 1984, na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 lililoifuata: fedha nyingi zilipatikana na watu walilishwa, hilo hakuna anayelikanusha, lakini zile picha za watoto wenye mbavu wazi zilibaki kwa miaka mingi zikiwa ndizo picha za Ethiopia nzima, na hata leo tunapoambiwa "msaada" wengi wetu huziona hizo. Mtoto wa Mbagala anapaswa kwenda shule Jumatatu na kukaa na watoto wenzake wakiwa wameisikia sauti hiyo.

Tuliikata upya. Kinanda kimeondolewa, kicheko kimerudi, dereva aliyezirai amerudi, na hadithi inaishia pale dereva wa tatu anapopewa biskuti na juisi na kuuliza kama anaweza kupata ya pili.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kwanza ya kuchangia, uwanja wa shule ya msingi Temeke. Wiki nzima tuliisambaza sauti mpya katika vikundi vya vikoba, kwaya mbili na vijiwe vinne, na tulikwenda wenyewe kuisikilizisha kwa spika ndogo pale Tandika tuliposhindwa. Mara hii vijana walicheka panapochekesha, na mmoja akasema kwa sauti, "Huyo aliyezirai namjua," ingawa bila shaka hamjui.

Walijitokeza watu 23, wakachangia 19: wanaume 13 na wanawake sita. Wanne walirudishwa, mmoja kwa kuwa ana miaka 17 (sharti ni kuanzia 18 hadi 65), wawili kwa kuwa hawakufikisha kilo 50, na mmoja kwa kuwa damu yake mwenyewe ilikuwa pungufu. Huyo wa mwisho alikuwa mama lishe aliyekuja na aproni yake, na aliondoka akiwa na ushauri wa kwenda kupimwa zaidi. Kila chupa ni kama mililita 450. Wanaume wanaweza kurudi baada ya miezi mitatu, wanawake baada ya minne. Nimeandika tarehe zao kwenye daftari: 22 Mei na 22 Juni.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani ilianza tarehe 2. Tumesimamisha uchangiaji, kwa kuwa mfungaji hafai kutolewa damu mchana akiwa hajala wala kunywa, na mwezi huu tunautumia kusikiliza.

Jana usiku baada ya tarawehe tulikaribishwa kwenye baraza moja la kahawa Kariakoo. Wazee walikuwa wanane na vijana watatu. Tuliwasikilizisha hadithi, wakaisifu, kashata zikazunguka, kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Mwanangu, hadithi yenu ni nzuri, lakini mmeikata kabla haijafika mwisho. Hiyo damu ikishatoka mkononi mwangu inakwenda wapi? Maana mimi nilitoa bure, na mdogo wangu alipolazwa akaombwa hela." Alituhadithia yaliyompata mdogo wake katika hospitali moja ambayo sitaitaja, ambapo mtu aliyevaa koti jeupe alitaka shilingi 50,000 ili "aharakishe" chupa. Hakupewa risiti.

Kijana aliyekuwa akimimina kahawa alidakia kwamba ndiyo maana yeye hachangii. Wengine wakatikisa vichwa kukubali.

Nilijua uvumi huo upo, lakini nilikuwa nikiuchukulia kama kisingizio cha waoga wa sindano, na leo naandika kwamba nilikosea. Ni madai yanayostahili jibu. Damu haiuzwi, na yeyote anayemdai mgonjwa fedha kwa ajili ya chupa anafanya jinai. Lakini kusema "haiuzwi" mbele ya mtu ambaye ndugu yake aliombwa fedha ni kumwita mwongo. Tulimwambia mzee tunamwamini, na kwamba tutarudi na mwisho wa hadithi.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki tatu tumeshughulika na mwisho huo. Tumerekodi simulizi ya pili, ambayo mhusika wake mkuu ni chupa yenyewe, ikisimuliwa na fundi sanifu wa maabara aliyestaafu, anayekaa Buguruni na mwenye kipaji cha kueleza mambo kama anayehadithia wajukuu.

Anaanza kwa kusema kwamba chupa hiyo si chupa bali mfuko wa plastiki, na kwamba jina la chupa limebaki kutoka enzi za vioo. Mfuko unapewa namba na jina la mchangiaji linabaki nyuma. Unasafirishwa kwenye kasha lenye barafu. Sampuli zake zinapimwa kundi la damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Ukikutwa na tatizo lolote, unateketezwa. Ulio salama huzungushwa kwa mashine hadi unatengana tabaka kwa tabaka, na hapo fundi anatumia mfano ambao nimeupenda sana, wa tui la nazi lililoachwa kwenye bakuli usiku kucha: zito linakwenda chini, jepesi linabaki juu. Chembe nyekundu huwekwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 na zikidumu sana ni wiki sita tu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazipendi baridi, hukaa kwenye joto la kawaida la chumba huku zikitikiswa, na siku tano zikipita zimekwisha. Kwa hiyo mtu mmoja anayekaa kwenye kiti dakika kumi anaweza kuwagusa wagonjwa watatu, ambapo chembe nyekundu zinaweza kwenda kwa mtoto kama Nahodha, plazma, yaani majimaji ya damu, kwa aliyeungua moto, na chembe sahani kwa mgonjwa wa saratani.

Kisha anasema alipoulizwa swali la mzee wa Kariakoo: vipimo, mifuko, majokofu na umeme vina gharama, na gharama hizo hazipaswi kukusanywa mkononi mwa ndugu wa mgonjwa kwenye korido. Anaeleza mgonjwa afanye nini akiombwa fedha: adai risiti, aulize jina, aende kwa mganga mfawidhi. Anayasema hayo bila kumng'unya maneno, na sidhani kama angeyasema akiwa bado kazini.

Tuliirudisha barazani. Mzee aliisikiliza mara mbili. Alisema umri wake umepita 65, lakini atamtuma mwanawe.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa na uzito moyoni. Mmoja wetu, kijana mwenye bidii kuliko sote, alikuwa amepiga picha Mbagala siku ile ya Februari bila sisi kujua: mtoto amelala mkekani, mama ameinama. Jumatatu aliiweka kwenye status yake na maneno, "Huyu ndiye Nahodha wetu, changia damu." Alidhani anatusaidia. Ilikaa kwa muda wa saa tisa. Mzazi mmoja wa shule anayosoma mtoto aliiona, akaipeleka kwenye kikundi cha wazazi, na Jumanne watoto darasani wakamwita kwa jina la ugonjwa. Siku mbili amekataa kwenda shule.

Jana tulikwenda watatu, mimi, mwenyekiti na kijana mwenyewe, kuomba radhi. Mama alitupokea, akatupa stuli, akatuletea maji. Kijana alijitetea kidogo, kisha akaacha, akasema tu, "Nimekukosea, mama." Mama alisema amesikia. Kisha akasema kwa upole ambao ulituumiza kuliko kama angetufokea, kwamba yupo binti wa dada yake ambaye posa yake ilivunjika upande wa mume walipojua kwao kuna sikoseli, na kwamba alitukubalia sauti, si sura. Akaomba hadithi yake tuiondoe kote.

Tumeiondoa. Tumefuta faili zote, tukawaandikia viongozi wa vikundi vyote vilivyokuwa nayo na kuwaomba waifute, na wengi wamejibu. Kwenye simu za watu wengine itabaki, hilo siwezi kulificha. Ile ndiyo iliyokuwa hadithi yetu bora kabisa, na fomu ilimpa haki ya kuichukua. Kijana amebaki nasi, ila sasa simu zote hukusanywa kwenye mfuko mmoja kabla ya kuingia nyumbani kwa msimuliaji.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Maji yamejaa Jangwani. Kikao kimeahirishwa.

Jumamosi, 3 Mei

Bila hadithi ya mama tulibaki na ya chupa, ambayo inajibu maswali lakini haimtoi mtu nyumbani. Ndipo dereva wa bajaji, yule wa kwanza, aliponipigia simu. Alikuwa amesikia tulivyoifuta, na alitaka kujua kama yeye anaweza kusimulia ya kwake. Nilimwambia aende kwanza kwa mama amuulize. Alirudi na jibu ambalo nimelibandika ukutani: "Hadithi yako ni yako, isimulie. Ya kwangu iache."

Kwa hiyo katika simulizi yake mtoto hayupo kabisa. Yupo yeye, abiria asiyetaka kwenda popote, na hofu yake mwenyewe. Anakiri kwamba mpaka siku ile alikuwa akiamini damu inauzwa, na kwamba alizima injini kwa aibu, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimtazama. Anaieleza pamba yenye spiriti, ubaridi wake, na namna alivyoangalia feni ya darini badala ya mkono wake. Kisha anasema kwamba baada ya siku nne, akiwa kwenye foleni ya Tazara abiria wakilalamika, simu yake ilitetemeka, akakuta maneno mawili kutoka namba asiyoijua: "Katoka. Anakula." Hakujibu, maana hakujua aandike nini. Miezi mitatu ilipotimia alikwenda mwenyewe kuchangia, hakuna aliyemwita.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo tulilokuwa tukilizunguka tangu Februari. Tumekuwa tukitafuta hadithi ya kumwambia mtu kabla hajachangia, ilhali kilichomrudisha dereva ni hadithi aliyopewa baada ya kuchangia, tena ya maneno mawili.

Wajumbe walicheka nilipolinganisha na harusi, lakini ulinganisho huo una mashiko. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja, kuchangia, kwa damu, kwa harusi na kwa mada kikaoni, na mkazi wa Dar es Salaam anayesema hana uwezo wa kusaidia asiowajua ndiye huyo huyo mwenye kadi nne za michango juu ya friji. Kamati ya harusi haimlizi mtu. Inampa kadi yenye jina lake, inaandika ahadi yake kwenye daftari mbele ya wenzake, mweka hazina anampigia kumkumbusha, na mwisho anaitwa ukumbini aone pilau na keki ambavyo fedha yake imenunua. Sisi tulikuwa hatuna kadi, hatuna ahadi, na hatukuwa na ukumbi.

Tumeamua: baada ya simulizi ya dereva kusikilizwa, daftari la ahadi linapita, kila mtu anaandika jina na siku atakayokuja, na baadaye anatumiwa ujumbe. Katika jiji la Stockholm, Uswidi, wachangiaji hutumiwa ujumbe mfupi damu yao inapotumika kwa mgonjwa. Sisi hatuwezi kufuatilia mfuko mmoja mmoja, wala hatupaswi kumkutanisha mchangiaji na mgonjwa, kwa hiyo ujumbe wetu utasema tu yale tunayoyajua kwa hakika: chupa zilizokusanywa siku yake, na tarehe anayoweza kurudi. Nimepinga pendekezo la kuandika "umeokoa maisha". Hatujui kama ameokoa.

Jumamosi, 24 Mei

Uwanja ule ule wa Temeke. Gari la timu ya kukusanya damu lilichelewa saa moja na nusu kutokana na foleni, na safari hii watu walisubiri, jambo ambalo nalihusisha na daftari: mtu aliyeandika jina lake mbele ya wenzake haondoki kirahisi. Walioahidi walikuwa 52, waliofika 38, waliochangia 33.

Kati ya wanaume 13 wa Februari, wanane wamerudi. Wawili walipiga simu kuomba radhi kwa kuwa wako safarini. Watatu hawajulikani walipo, na mmoja wao alikuwa ameandika namba ya simu yenye tarakimu tisa. Mtoto wa mzee wa Kariakoo alikuja amevaa kanzu, akauliza kwa sauti kubwa risiti iko wapi, watu wakacheka, akapewa kadi ya mchangiaji, akaigeuza nyuma na mbele na kuitia kwenye mfuko wa kanzu.

Mwanamke mmoja miongoni mwa wale sita wa Februari alikuja pia. Tulimweleza kwamba miezi minne haijatimia. Alikasirika, akasema ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya leo, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana ujumbe tuliomtumia ulikuwa wa wanaume. Kosa ni langu mimi niliyeutuma. Nimetenganisha orodha usiku huu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe aliyozaliwa Karl Landsteiner, mgunduzi wa makundi ya damu. Hatukuandaa shughuli yetu, tuliungana na wengine Ilala. Dereva alisimulia jukwaani bila karatasi, na alipofika kwenye "Katoka. Anakula" uwanja ulinyamaza kiasi cha kusikia jenereta.

Baadaye mama mmoja alinisogelea pembeni akiwa na binti yake wa kidato cha pili. Binti ana selimundu. Hataki sauti yake ibadilishwe wala aitwe jina la bandia. Anataka kueleza mwenyewe kwa nini hubeba chupa ya maji kila mahali na kwa nini hakimbii mchakamchaka, kwa sababu amechoka kuelezewa na walimu. Mama anasita. Tumewapa fomu waende nayo nyumbani, na tumewaambia wasiirudishe kabla ya wiki mbili.

Jumapili, 22 Juni

Asubuhi nimetuma ujumbe sita kwa wanawake wa Februari: "Miezi minne imetimia leo. Siku yetu ni Jumamosi tarehe 28, saa tatu asubuhi, uwanja ule ule. Mara iliyopita mlikuwa 19." Wanne wamejibu kufikia saa kumi jioni. Yule aliyekasirika ameandika, "Nipo, na safari hii naja na shemeji yangu." Mama lishe naye, ambaye hakuwa kwenye orodha, amepiga simu kusema amepimwa tena, damu imepanda, na anauliza kama aje na uji.

Viti 60 na turubai vimelipiwa. Fomu ya binti wa kidato cha pili haijarudi.